Kipande cha Ngozi ya Mulei

Jumamosi, 7 Oktoba

Leo Daktari Ismahan amefika nyumbani kwa mama, huku ndani Ikutha, akamkata Mulei kipande cha ngozi. Kipande chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mtama. Alimdunga sindano ya ganzi kwenye mkono wa juu, akasubiri, akazungusha kichuma chake chenye makali, akakitoa kipande kwa kibano na kukitumbukiza katika kichupa cha maji ya rangi ya waridi. Mimi nilimshikia tochi. Mulei aliangalia mwanzo hadi mwisho, jinsi anavyoangalia ndani ya simu aliyoifungua.

Naandika haya kwa sababu mimi ndiye niliyemleta. Nilimsikia mwezi wa Juni, kwenye mafunzo ya sisi watu wa maabara, akieleza ugonjwa unaokula misuli ya watoto wa kiume. Nilitoka nje nikalia, kisha nikarudi kumwomba namba. Kitonga, mdogo wangu wa kwanza, alikufa nao akiwa na miaka kumi na minane. Mulei, kitinda mimba wetu, sasa ana kumi na tisa. Hatembei tangu darasa la tano. Vidole vyake bado vinafanya kazi, na kwa vidole hivyo anatengeneza simu za kijiji kizima, kiti chake cha magurudumu kikiwa kimesogezwa mlangoni penye mwanga.

Ismahan hakutudanganya. Alimweleza Mulei kwamba misuli aliyobaki nayo ni kidogo mno, si ya kukatwa, ndiyo maana anachukua ngozi. Huko Nairobi seli za ngozi zitalishwa mpaka ziwe nyingi, halafu zitatiwa jeni moja inayozilazimisha kuacha kuwa ngozi na kugeuka misuli. Misuli hiyo itakuwa na kasoro ile ile ya Mulei, na dawa zitajaribiwa juu yake badala ya kujaribiwa juu ya mtu.

"Na mimi dawa hiyo itanifikia?" Mulei akauliza.

"Sidhani," akamjibu. "Hii ni kazi ya miaka mingi."

Mulei akaichukua kalamu. "Sawa. Kama mimi siwezi kwenda Nairobi, wacha ngozi iende."

Alitia sahihi mwenyewe, ni mtu mzima. Mama hasomi Kiingereza, kwa hivyo nilimfasiria ile karatasi. Ismahan akamuuliza kama kwao, kwa ndugu zake au wajomba zake, kuna mtu aliyewahi kuugua hivi. Mama akasema hakuna.

Kipengele cha saba kilisema seli zitahifadhiwa hata mwenyewe akifa. Mulei alikitia alama. Mimi nilikiruka nilipokuwa nikimfasiria mama.

Jumanne, 10 Oktoba

Kibwezi, kazini. Slaidi ishirini na mbili za malaria, tatu zina vimelea. Joto. Mvua bado.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimejipima mwenyewe baada ya wagonjwa kwisha. Mistari miwili. Nimekitupa kipimo kwenye ndoo ya taka za zahanati, nikanawa mikono, nikafunga mlango. Jonah, mume wangu, yuko njiani na lori, amepeleka saruji Voi. Tumeoana miaka mitatu tukiingoja habari hii, na sasa ninayo na siwezi kuinua simu.

Ismahan alisema mama ndiye anayeubeba ugonjwa huu bila kuugua. Dada pia anaweza kuubeba.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nimeenda nyumbani. Mama amepanda ndengu na kunde kwenye vumbi, mvua ije izikute. Kila jioni anasimama ukingoni mwa shamba akiangalia upande wa Mutomo, mvua itokako. Ni mkaidi. Nilimwambia angoje, akaniambia mtu wa kununua unga dukani asimfundishe kulima.

Kidonda cha Mulei kimekauka, kimebaki kikovu kama cha chanjo. Mama alipoenda kuteka maji, Mulei akaniambia bila kuinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa akiichomelea:

"Uliruka cha saba."

Nikasema ndiyo.

"Ulifanya vizuri. Mwambie nikishaenda, ama usimwambie kabisa. Lakini usiwaache wazitupe, Kathini. Kitonga hakuacha kitu. Hata shati lake lilichomwa."

Nikamwahidi. Kisha akaniomba nimkune mgongo.

Jumamosi, 28 Oktoba

Imenyesha tangu alfajiri. Mama alipiga simu ili tu niisikie mvua ikipiga mabati.

Ijumaa, 3 Novemba

Ismahan amepiga. Seli zimetambaa nje ya kile kipande na kuenea chini ya kisahani. Akanitumia picha: vitu vyembamba vyenye ncha mbili, vimelala upande mmoja kama samaki kwenye mkondo. Nilimtumia Mulei, akaiweka kwenye kioo cha simu yake. Kila anayeleta simu kutengenezwa anaonyeshwa, na anaambiwa, "Huyu ni mimi."

Leo nimetoa damu yangu, nikaituma Nairobi ipimwe ugonjwa ule, pamoja na barua ya Ismahan. Sikumwambia mtu mwingine.

Jumatano, 8 Novemba

Mvua. Ndengu zimeota.

Jumanne, 14 Novemba

Mvua siku ya sita mfululizo. Barabara ya kwetu imekatika mahali pawili. Mulei ana mafua, lakini mama anasema ni kidogo.

Ijumaa, 17 Novemba

Majibu yamekuja saa tano asubuhi, nikiwa nimeinamia hadubini. Ninaubeba. Nilisoma mara moja tu. Miaka minane nimekuwa nikiwaandikia watu majibu yao, nikiwakunjia karatasi, nikiwaambia wamwone daktari chumba cha pili. Sijawahi kufikiria mtu anafanya nini na mikono yake baada ya kuipokea ile karatasi. Mimi niliendelea kuhesabu vimelea.

Nikizaa wa kiume, ni nusu kwa nusu.

Jonah amerudi leo na mbuzi mzima wa kuchinja kwa sababu amelipwa vizuri. Alicheka jikoni akinisimulia polisi wa mizani ya malori. Sikuweza kumwambia.

Jumatatu, 27 Novemba

Mulei amekufa Jumamosi saa kumi jioni. Nitaandika jinsi ilivyokuwa, maana kila anayekuja kutupa pole anaisimulia kwa namna yake, na kesho kutwa nitaanza kuamini yao.

Mafua yalishuka kifuani Jumatano. Mtu wa kawaida angekohoa yakaisha, lakini Mulei hakuwa na misuli ya kukohoa. Mama alinipigia Alhamisi usiku, Ijumaa jioni nikafika. Midomo ya Mulei ilikuwa imeingia rangi ya zambarau. Nilifanya nilivyofundishwa na Ismahan: nikampiga mgongo taratibu, nikaweka viganja chini ya mbavu, na kila alipojaribu kukohoa nikasukuma. Makohozi yalitoka machache. Akalala akiwa amekaa, mimi nikiwa nyuma yake kama kiegemeo.

Asubuhi nikampigia Jonah. Alikuwa Kibwezi. Akaazima gari la rafiki yake, akachukua mtungi wa oksijeni kutoka zahanati yetu, na saa nne alikuwa amekwisha fika mtoni, ng'ambo ya pili, upande wa lami. Huu mto wetu miezi tisa ni mchanga mtupu, watu huchimba visima ndani yake. Jumamosi ulikuwa umejaa ukingo hadi ukingo, maji mekundu, na miti mizima ikipita ndani yake.

Tulimbeba Mulei kwa kitanda, wanaume wanne wa kanisani na mimi, tukamfunika turubai. Tulisema maji yatapungua tukifika. Hayakupungua. Jonah alisimama upande wa pili, si mbali, ningeweza kumrushia jiwe likamfikia. Mtungi ulikuwa miguuni pake. Alijaribu mara mbili kuingia na kamba kiunoni, mara ya pili maji yakamwangusha, watu wa upande ule wakamvuta nje akiwa anatapika. Baada ya hapo alisimama tu. Tulizungumza kwa simu huku tukitazamana.

Mama alishika mwavuli juu ya kichwa cha Mulei saa sita nzima. Hakubadilisha mkono.

Kiasi cha saa tisa Mulei akaanza kusinzia, nikajua hewa chafu imemjaa. Nilisukuma kifua mpaka mikono yangu ikafa ganzi. Akafungua macho akasema, "Niinue kidogo." Nikamwinua. Akasema, "Hapo." Hakusema tena.

Mama ndiye aliyenigusa bega, nikaacha kusukuma.

Saa kumi na mbili maji yalishuka. Jonah alivuka kwa miguu, yakimfika kifuani, ameubeba mtungi kichwani.

Jumamosi, 2 Desemba

Tumemzika kando ya Kitonga. Jonah na wenzake walichimba tangu juzi kwa sababu kaburi lilikuwa likijaa maji, wanayachota, linajaa tena. Pasta Mutisya alihubiri kwa ufupi, mvua ilimkatiza.

Ismahan alikuja, ametembea kutoka lami, buibui lake limelowa tope hadi magotini. Alimshika mama mikono yote miwili, akampa pole, kisha akasema kwa nia njema kabisa: "Mama, seli zake ziko salama. Wiki hii zimegeuka kuwa misuli. Mulei ametuachia kitu kikubwa."

Mama akamwangalia. "Ziko hai?"

"Ziko hai."

Mama akanigeukia mimi. Akauchomoa mkono wake kwapani mwangu.

Jumatatu, 4 Desemba

Nimemwambia Jonah yote, mimba na majibu, kwa pamoja. Nilidhani nikizitenganisha nitashindwa na ya pili. Aliuliza swali moja: "Ulijua lini?" Nikamwambia tarehe. Akahesabu. Akaona kwamba nilijua alipokuwa akichinja mbuzi. Akachukua funguo za lori.

Jumamosi, 9 Desemba

Jonah hajapiga simu. Utingo wake anasema wako Mombasa.

Nilimkuta mama shambani akipalilia ndengu, nikainama kwenye mstari ulio kando yake. Tulifika mwisho wa mstari. Halafu akasema, bila kuacha jembe:

"Unafikiri jina la Mulei lilitoka wapi?"

Nikasema sijui, jina la ukoo.

"Nilikuwa na kaka wawili. Mbuvi na Mulei. Walianza kuanguka wakiwa wadogo, wakatambaa, wakafa. Mama yangu akaniambia nikiwa mchumba, nisiwataje kwa baba yako, sitaolewa. Nikanyamaza. Baba yako amekufa hajui. Alipozaliwa Kitonga nilimtazama miguu kila siku."

"Daktari alikuuliza, mwaitu," nikasema. Mama yangu namwita hivyo kwa Kikamba tukiwa peke yetu, hata nikiwa na hasira.

"Aliniuliza mbele ya Mulei. Ningemwambia mwanangu nini? Kwamba nilimpa ugonjwa na jina pamoja?"

Miaka yote hii nimemwona kama mtu mgumu asiyetaka kuelezwa. Kumbe alikuwa akijua kabla yetu sote.

Kisha akasema anachotaka. Zile seli zirudi zizikwe. Amemuuliza pasta, na pasta amemwambia Mungu hashindwi na kipande cha ngozi, atamfufua Mulei mzima. Lakini mama hapati usingizi. Anaona mwanawe amelazwa mahali pasipo mtu, anadungwa dawa, anaendelea kuugua ugonjwa ule ule bila mama wa kumgeuza.

"Alikufa mara moja, inatosha," akasema. "Ulinificha. Sasa nenda umlete."

Jumatano, 13 Desemba

Nairobi. Nimeomba ruhusa kazini, nikasema ni kliniki.

Maabara ya Ismahan ni chumba kisichozidi sebule yetu. Alifungua kabati la joto, akatoa kisahani, akakiweka chini ya hadubini na kunivutia kiti. Nimetumia hadubini maisha yangu yote ya kazi, lakini sikujua niweke wapi macho.

Vile visamaki havikuwepo tena. Zilikuwa nyuzi ndefu, nene, seli nyingi zimeungana na kuwa moja, viini vyake vimepangana ndani kama njegere. Ismahan akapitisha umeme kidogo na nyuzi zikajikunja. Zikalegea. Zikajikunja. Akanionyesha kisahani cha mtu mzima asiye na ugonjwa: hizo zilivuta kwa nguvu mpaka picha ikatikisika. Nikarudi kwa za Mulei. Zilivuta kama mtu anayejaribu kuinuka kitini akakata tamaa. Nimemwona akifanya hivyo akiwa na miaka minane, kabla hatujapata kile kiti cha magurudumu.

Nilimweleza anachotaka mama. Ismahan alivua glavu, akaketi.

"Mulei alitia sahihi, na mimi sahihi yake inanifunga," akasema. "Lakini siwezi kuendelea na mama mtu analia. Nitazigandisha zote. Sitazigusa mpaka mama yako aelewe na akubali. Akikataa kabisa, aniambie kwa kinywa chake, nitaziharibu siku hiyo hiyo."

Nikamuuliza kama anaweza kunipa kisahani kimoja. Alielewa haraka, na uso wake ukabadilika.

"Ni za Mulei, una haki nazo. Ila mimi sitamdanganya, Kathini. Akiniuliza, nitamwambia ukweli."

Aliziua kwanza kwa dawa, akazikwangua, akazitia katika kichupa chenye kifuniko cha buluu. Ukikiinua kwenye mwanga unaona kama ukungu chini yake. Akanifungia kwa pamba. Njia nzima mpaka Kibwezi nilikishika mfukoni, nikijiambia nimetimiza ahadi kwa Mulei na nimemtii mama, na kwamba hilo si uongo.

Jumamosi, 16 Desemba

Tulikuwa wawili tu. Mama hakutaka pasta wala majirani. Alikuwa ameshona kijifuko cha kitambaa cheupe kutoka kwa shuka la Mulei. Akachimba mwenyewe upande wa kichwani mwa kaburi, udongo ulikuwa laini. Alikishika kichupa muda mrefu, akakiinua kwenye jua, akakitia kifukoni na kukilaza chini kwa mikono miwili.

Akafukia. Akapiga magoti hapo hapo na kuniuliza, mgongo ukiwa kwangu:

"Zote zimerudi?"

Ningeweza kusema zimerudi. Neno hilo lingenitosha. Lakini aliniuliza zote, na alikuwa akingoja.

"Zote, mwaitu."

Akaomba kwa Kikamba, akamshukuru Mungu kwa binti anayesikia. Tuliporudi nyumbani alikula, mara ya kwanza kumwona akimaliza sahani tangu Novemba. Akaniambia nimpigie Ismahan amshukuru kwa kumrudisha mtoto. Nikasema nitamfikishia. Alipoenda kufunga mbuzi nilichukua simu yake nikafuta namba ya Ismahan.

Jumatano, 20 Desemba

Jonah amerudi. Ameweka sukari mezani, amevua viatu, ameniuliza kama nimekula. Basi.

Jumatatu, 25 Desemba

Kanisani. Mvua imeisha.

Jumanne, 2 Januari

Jonah ameniambia kitu kimoja usingizini au karibu na usingizi: kwamba kule mtoni aliogopa kuingia mara ya tatu. Amekaa na hilo tangu Novemba. Nilidhani ananikasirikia mimi siku zote hizo.

Jumamosi, 6 Januari

Tumevuna ndengu, mama, Jonah na mimi. Ni nyingi kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Mama anatembea wima. Amejua nina mimba bila kuambiwa, akaniwekea mkono tumboni mbele ya Jonah na kusema huyu atakuwa msichana, anahisi. Alisema haraka mno, kisha akatuacha.

Ijumaa, 12 Januari

Tumeenda kupigwa picha ya tumbo. Binti wa mashine alizungusha kifaa, akatabasamu, akasema, "Ni kijana." Jonah alimshukuru. Tulipotoka nje alisimama kando ya ukuta, akauliza kama kuna njia ya kujua sasa. Nikamwambia ipo, ya kutoa maji tumboni, lakini ina hatari yake. Au tungoje azaliwe, apimwe damu.

"Tukijua, tutafanya nini?" akauliza.

Akanishika mkono mpaka stendi.

Jumamosi, 13 Januari

Sikulala. Nilihesabu: miaka mitano kabla hajaanza kuanguka, kumi kabla ya kiti, kumi na minane. Watu wa Ismahan wakianza leo, huenda kitu kikapatikana ndani ya miaka hiyo. Huenda kisipatikane. Lakini misuli iliyogandishwa haijaribiwi chochote.

Nilikuja kwa mama asubuhi. Yuko uani, anapepeta ndengu, makapi yanaruka kuelekea barabarani. Nilisimama dirishani mwa chumba kilichokuwa cha Mulei nikampigia Ismahan. Nilimwambia kuhusu mtoto. Hakusema pole, namshukuru kwa hilo. Nikamwambia azigandue, aanze kazi.

Akaniuliza kama mama ameelewa, na kama amekubali.

Mama aliinua ungo, akasikia sauti yangu, akanipungia mkono.

Nikasema ndiyo. Nikasema amekubali.